Chupa Kubwa ya Mvinyo Ukiwa Mtwara: Kuitunza, Kuipoza na Kuimimina

Anza na tarehe. Chupa kubwa ya mvinyo inayoingia Mtwara, iwe imetoka Dar kwa basi au shemeji kaja nayo kutoka Ulaya, inatakiwa ijulikane itafunguliwa siku gani kabla haijatolewa kwenye boksi lake. Wajuzi wa mvinyo huisifu chupa kubwa kwa sababu inazeeka taratibu, na wanasema kweli. Ila wengi wao wana vyumba vya chini ya ardhi vyenye nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Huku kwetu mchana wa Desemba kivulini ni nyuzi 31 au 32, na usiku haushuki sana chini ya 23. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa unahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kunywa. Kama siku hiyo haijulikani, chupa iache dukani au kwa ndugu mwenye chumba cha baridi, mpaka ijulikane.

Soma lita, achana na jina

Chupa ya kawaida ina mililita 750. Magnum ni lita 1.5, yaani chupa mbili. Kuanzia hapo majina ni ya wafalme na wazee wa kwenye Biblia, na yanachanganya. Jeroboam ya shampeni ni lita 3, lakini Jeroboam ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kule Ufaransa, ni kubwa zaidi, na ile ya lita 3 wao huiita magnum maradufu. Methuselah ya shampeni ni lita 6, na Bordeaux chupa ya ukubwa huohuo inaitwa Imperial. Salmanazar ni lita 9, Balthazar 12, Nebuchadnezzar 15. Muuzaji akikutajia jina, geuza chupa usome lita zilizoandikwa kwenye lebo, kisha fanya hesabu yako.

Hesabu yenyewe ni hii. Glasi ya kunywea mezani ni mililita 150, kwa hiyo magnum inatoa glasi 10, ya lita 3 inatoa 20, ya lita 6 inatoa 40. Kama ni ya kugonganisha glasi tu wakati wa kuwapongeza maharusi, mililita 100 zinatosha, na magnum inafika watu 15, ya lita 3 watu 30. Harusi zetu za pwani nusu ya ukumbi au zaidi hawanywi kabisa, nao wana haki ya kugonganisha glasi kama wengine, kwa hiyo weka madafu au juisi ya ukwaju kwenye glasi za aina ileile. Kamati ikishajua wanywaji ni 40 na si 300, mara nyingi inagundua kuwa magnum tatu zinatosha, na ile chupa ya lita 6 ilikuwa ya picha.

Na kwa shampeni, magnum ndiyo ningenunua hata kama pesa ipo ya kubwa zaidi. Mvinyo wake huchachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile unayoishika. Chupa zinazozidi lita 3 kwa kawaida hujazwa kutoka kwenye chupa ndogo zilizokwisha kuchachuka, na kumiminwa huko hakuziongezei ubora wowote. Unalipia ukubwa.

Kwa nini joto linaionea chupa kubwa

Shika magnum na chupa ya kawaida uzilinganishe shingoni. Tumbo limeongezeka mara mbili, lakini shingo karibu ni ileile, na hewa iliyo chini ya kizibo haijaongezeka mara mbili. Hewa kidogo kwa mvinyo mwingi ndiyo siri ya kuzeeka taratibu, maana oksijeni ndiyo inayozeesha.

Sasa ipeleke chupa hiyo kwenye buti la basi. Mvinyo ukipata joto hutanuka. Lita moja na nusu inatanuka mara mbili ya mililita 750, na nafasi ya kutanukia ni finyu. Kinachofuata ni kizibo kusukumwa juu. Ukiona kizibo kimejitokeza hata milimita mbili juu ya mdomo wa chupa, au mvinyo umenata chini ya karatasi ya shingo, chupa hiyo ilichemka mahali fulani njiani. Mvinyo ukipoa tena unajikunja na kuvuta hewa ndani, na kuanzia hapo uharibifu ni wa siku, hauhitaji miaka. Ladha yake utaijua: mwekundu unakuwa kama jamu iliyopikwa sana, mweupe unageuka rangi ya dhahabu iliyochoka na kunukia karanga kuukuu.

Kwa hiyo ukinunua chupa kubwa mjini, kwanza pitisha kidole juu ya shingo. Kisha angalia ilikuwa imekaa wapi. Iliyosimama dirishani mwa duka ikipigwa na jua kama pambo, hata kwa nusu bei, mwachie mwenyewe.

Safari ya kuileta

Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, kutwa nzima kwa basi. Buti la chini liko karibu na injini na lami yenye moto. Mwombe kondakta uingie nayo ndani, ikae miguuni pako, imefungwa kwenye khanga mbili na kulazwa ndani ya deli lenye chupa za maji zilizogandishwa. Barafu tupu usiweke, itayeyuka na kuloweka lebo. Chupa mbili za lita moja na nusu za maji yaliyoganda, kila moja ikiwa imefungwa kitambaa, zinasaidia mpaka unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji na kwa kiasi hata baada ya Lindi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, leta Juni hadi Agosti, kusi likiwa linavuma.

Ikifika, ipe wiki moja ya kupumzika sehemu yenye baridi kabla ya kuifungua. Mvinyo mwekundu wa zamani ukitikiswa safari nzima unavuruga mashapo yake, nayo hayatulii kwa usiku mmoja.

Mahali pa kuiweka

Hapa ndipo pesa na akili vinahitajika, kwa hiyo tukae kidogo.

Nunua kipimajoto cha bei ndogo. Kiweke ndani ya chupa yenye mdomo mpana iliyojaa maji, na chupa hiyo iweke pale unapofikiria kuutunza mvinyo. Soma asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku kadhaa. Maji yanakupa joto ambalo mvinyo wenyewe utalipata. Kipimo cha hewani kinapandapanda bure. Ukisoma nyuzi 24 au chini na tofauti ya asubuhi na alasiri haizidi 2, hapo mvinyo wa kawaida unaweza kukaa wiki kadhaa. Ukisoma 28, una siku, si miezi.

Ndani ya nyumba, chumba cha katikati kisicho na ukuta unaopigwa na jua la jioni ndicho bora, chini karibu na sakafu, kamwe si juu ya kabati karibu na dari la mabati. Wenye bahati ni wanaoishi kwenye nyumba za zamani za mawe kule Mikindani. Kuta zile nene hazibadiliki joto haraka. Lakini kutobadilika si baridi. Unapata nyuzi 26 zilizotulia, ambazo ni afadhali ya 31 zinazopanda na kushuka, basi. Wenye ndugu Newala huniuliza kama wakazihifadhi huko kwenye uwanda wa Makonde. Kwa miezi michache ya kipupwe, sawa. Kwa miaka, hapana.

Mtungi wa maji wenye kitambaa kilicholowa, ambao Dodoma unafanya kazi nzuri, hapa utakuvunja moyo. Unapoza kwa maji kugeuka mvuke, na hewa yetu ya bahari tayari imeshiba unyevu.

Unyevu huo una upande mzuri: vizibo vyetu havikauki. Ubaya wake ni ukungu kwenye lebo na kutu kwenye waya za shampeni. Zungushia chupa nailoni nyembamba ya jikoni, hasa kama ni zawadi na lebo ina maana yake. Boksi la karatasi nalo usiliweke sakafuni moja kwa moja. Mchwa wa Mtwara hawaulizi kilichomo. Inua juu ya matofali mawili na ubao.

Sasa vifaa. Friji ya nyumbani ya nyuzi 5 ni baridi kupita kiasi kwa kuzeesha mvinyo, lakini kwa chupa inayosubiri harusi ya baada ya miezi mitatu, friji ni bora mara nyingi kuliko kabati lolote la mji huu. Igeuze kwenye baridi ndogo kabisa, toa rafu moja, na uilaze chupa sehemu ya chini. Magnum ya shampeni ina urefu wa karibu sentimita 38. Pima kabla ya kununua, maana kuna friji ambazo haiingii hata ukiilaza kimshazari. Ukiona punje zinazong'aa kama sukari zimetuama chini ya mvinyo mweupe, ni chumvichumvi za zabibu zilizoganda kwa baridi. Hazina madhara.

Wenye hoteli, au mtu anayetaka kuweka chupa sita na zaidi, wasikimbilie kabati maalumu la mvinyo. Mengi yametengenezwa kwa chupa za mililita 750, na magnum haikai kwenye rafu zake. Chukua friza la kulala, la mtumba lenye gesi nzuri linatosha, na umwambie fundi friji akufungie thamostati ya nje inayokata umeme joto likishuka hadi nyuzi 13 na kuuwasha likifika 15. Kitambuzi chake kitumbukize kwenye chupa ya maji ndani ya friza, la sivyo mota itawaka na kuzima kila dakika chache mpaka ife. Weka ubao mwembamba chini, laza chupa juu yake, na kila wiki futa maji yanayojikusanya kwenye kona.

Faida kubwa ya friza la kulala inaonekana umeme ukikatika. Mlango uko juu, baridi haimwagiki nje ukifungua. Likijaa chupa na likaachwa limefungwa, saa nyingi zinapita kabla kipimajoto hakijapanda kwa maana. Usilifungue kuangalia. Na usije ukalitumia friza hilohilo kugandishia samaki kisha ukasahau kulirekebisha: mvinyo unaganda kwenye nyuzi 5 hadi 6 chini ya sifuri, na chupa ya lita 3 ikipasuka ni kazi ya siku nzima.

Zenye kizibo cha mti zilaze. Zenye kifuniko cha kuzungusha simamisha. Shampeni vyovyote. Zote zikae gizani, na hasa zile za glasi nyeupe isiyo na rangi, kwa sababu mwanga huziharibu haraka kuliko zile za kijani.

Siku tatu kabla, na siku yenyewe

Tuseme maharusi wataingia ukumbini saa mbili usiku, na kuna chupa moja ya lita 3 ya mvinyo mwekundu na magnum mbili za shampeni.

Siku tatu kabla, simamisha ile ya mwekundu palepale kwenye baridi ili mashapo yateremke. Kuanzia hapo ikibebwa ibebwe kama mtoto aliyelala, wima na taratibu.

Asubuhi ya siku yenyewe, agiza barafu. Zile za magogo wanazotumia wavuvi ni rahisi na zinakaa muda mrefu, ila haziingii kwenye glasi ya mtu, na zina harufu, kwa hiyo chupa zivishwe mifuko ya nailoni kwanza. Nunua pia kilo moja au mbili za chumvi ya mawe, ambayo pwani yetu haina shida nayo.

Saa kumi na mbili jioni, tayarisha beseni refu au pipa la plastiki. Barafu iliyopondwa nusu, maji nusu. Watu wanasahau maji; barafu isiyo na maji inaigusa chupa sehemu chache tu, maji yanaizunguka yote mpaka shingoni. Mwaga chumvi, koroga. Chupa ya kawaida yenye joto la chumba inafika nyuzi 8 kwa karibu nusu saa. Magnum ihesabie saa nzima. Chupa ya lita 3 ya mweupe au shampeni inataka saa moja na nusu au zaidi, maana katikati ya tumbo lake pako mbali na baridi. Igeuzegeuze kidogo kila baada ya dakika 15. Zikitoka friji tayari zina baridi, beseni ni la kuzishikilia tu, na chumvi haina haja.

Mvinyo mwekundu nao unapozwa. Ule msemo wa kuunywa katika joto la chumba ulizaliwa kwenye vyumba vya nyuzi 17. Kama ulikuwa kwenye friza la nyuzi 13 hadi 15, utoe nusu saa kabla. Kama ulikuwa kabatini, dakika 40 kwenye maji ya barafu bila chumvi, ukiwa umesimama, bila kuugeuzageuza kwa ajili ya mashapo.

Kufungua

Ndani ya chupa ya shampeni kuna mgandamizo wa karibu mara 6 ya ule wa hewa ya kawaida, na katika magnum ni vilevile, ila povu la kumwagika ni maradufu. Hapa lazima uzungumze na mshereheshaji mapema. Yeye anataka mlio na povu lifike darini. Mwambie: "Kaka, nipe chupa moja ndogo ya kupiga kelele, hizi kubwa wacha wahudumu wazifungue." Huwa anakubali, mradi apate mlio wake.

Bandua karatasi. Kidole gumba juu ya kizibo muda wote. Fungua kitanzi cha waya kwa kukizungusha nusu duara mara 6, na waya usiuondoe, ulegeze tu. Funika na taulo. Ilaze chupa kama nusu ya kusimama, mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu wala taa. Shika kizibo kwa nguvu, kisha zungusha chupa kutoka chini. Kizibo kitaanza kusukuma chenyewe. Kazi yako ni kukizuia, kitoke kwa pumzi ndogo. Chupa kubwa izungushwe na mtu mmoja huku mwingine ameshika kizibo, wakiwa wamekubaliana nani anasema lini.

Mvinyo usio na povu kuanzia lita 3 mara nyingi una kizibo kinene kuliko kawaida. Kifungulio kidogo cha mhudumu kinatoboa katikati na kutoka na vumbi. Tafuta chenye parafujo ndefu na pana, izamishe yote, na uvute wima polepole. Kizibo cha miaka mingi kinavutwa vizuri zaidi na kile kifungulio chenye vibanzi viwili vya chuma vinavyopita ubavuni.

Kumimina

Magnum iliyojaa ina kilo 3 hivi. Ya lita 3 inapita kilo 5. Mhudumu mwembamba akizunguka nayo meza 10, mkono utaanza kutetemeka kwenye meza ya nne. Kwa mwekundu, usizunguke na chupa kabisa. Imimine yote kwa mkupuo mmoja kwenye majagi manne ya kioo, polepole, bila kuirudisha wima katikati, na mtu amulike tochi ya simu chini ya shingo. Mashapo yakianza kuja kama moshi, acha. Vijiko vichache vinavyobaki ni hasara ndogo. Majagi yazunguke mezani, chupa tupu irudi meza kuu ipigwe picha.

Shampeni ndiyo inamiminwa kutoka kwenye chupa yenyewe. Mkono mmoja kwenye shimo la kitako, mwingine chini ya shingo. Mimina kidole kimoja kwa kila glasi kwanza, povu litulie, kisha rudi kujaza. Na jaza nusu, si zaidi. Katika ukumbi wa nyuzi 29 glasi iliyojaa inakuwa uji wa uvuguvugu kabla hotuba ya baba mzazi haijaisha, na hotuba za huku tunazijua.

Cha kula nacho kipo nje ya mlango. Korosho zilizokaangwa bila sukari, zenye chumvi kidogo, ni rafiki wa shampeni kuliko keki. Pweza na kamba wa nazi wanataka mvinyo mweupe mkavu, na ule wa Dodoma wa zabibu za Chenin Blanc unakaa hapo vizuri kabisa. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ya kuchemsha na pilipili ni kazi ngumu kwa mvinyo mwekundu mzito. Pilipili inaufanya uwe mkali mdomoni.

Kilichobaki

Chupa kubwa iliyofika nusu ina hewa nyingi kama mvinyo wenyewe, na kuirudishia kizibo hakusaidii. Kabla sherehe haijaanza, osha chupa ndogo mbili tatu za glasi zenye vifuniko. Usiku huohuo, mvinyo uliobaki uhamishie humo, ujaze mpaka juu kabisa, funga, weka friji. Siku tatu au nne utakuwa mzuri bado. Shampeni inataka kifuniko chake maalumu cha kubana. Kijiko kilichotumbukizwa shingoni hakizuii chochote.

Kama nyumbani kwako ni glasi mbili kila jioni na hakuna sherehe yoyote, boksi la lita 3 au 5 lina akili zaidi kuliko chupa ya ukubwa huo. Mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na ukikaa friji baada ya kufunguliwa unakwenda wiki nne hadi sita. Angalia tarehe iliyopigwa muhuri kwenye boksi, kwa sababu hata likiwa halijafunguliwa halitakiwi kukaa mwaka dukani, na kwenye maduka yetu yenye joto mimi napunguza nusu ya muda huo.